Njiwa wa Mama, Bati la Mkwe

Mume wangu ni mtu wa bati. Ukimwonyesha msonge wa wazee wetu, ulioezekwa nyasi kutoka kileleni hadi chini, atausifu kwa adabu, kisha utamwona akilitazama paa kwa huruma. Kwao Maruku baba yake alitangulia wenzake wote wa kitongoji kuezeka bati, na nadhani tangu hapo jambo hilo limekaa kwenye damu ya ukoo. Mimi ni mtoto wa Muleba, binti wa mzee mfuga njiwa, na nina sauti kubwa. Dukani kwangu Miembeni, ninakouza vitambaa, mteja anayepita barabarani anajua bei ya kitenge kabla hajavuka mlango.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kazi tuliyokuwa nayo mwaka ule tulipotakiwa kujenga banda la njiwa, sisi wawili, bila kugombana.

Ilianza mama alipoteleza kibanjani, kwenye shamba lake la migomba huko Muleba, juu ya majani yaliyolowa, akaumia nyonga. Baba alikuwa ameshafariki, na mama aliishi peke yake na njiwa wake. Ndugu zangu walioko Mwanza na Dar es Salaam wakafanya kikao kwa simu na kukubaliana kwamba mama ahamie kwangu, kata ya Bakoba mjini Bukoba, karibu na hospitali. Kukata shauri ukiwa mbali ni kazi nyepesi sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwangu ni kwa mkwewe.

Kwetu Wahaya, mama mkwe na mkwe hawazoeani ovyo. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala mmoja hamkatalii mwenzake jambo waziwazi. Wanapokuwa na la kuambiana huliambia mtu wa tatu, hata kama wote wamo chumba kimoja. Katika ndoa yangu mtu wa tatu ni mimi, na kwa miaka mingi nimepeleka salamu, pole, shukrani na maswali ya hali ya hewa kati ya watu wasio viziwi.

Mume wangu hakutaka mama aitwe kwa simu. Alikwenda Muleba mwenyewe na kaka yake mkubwa, nami mtu wa tatu nyuma yao, wamevaa kanzu na makoti, wamebeba sukari na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambalo yeye, Mlutheri wa kweli, hakuligusa. Kaka yake alieleza shida yao. Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa pazia.

"Mwambie mkwe wangu nimeshukuru," akaniambia. "Nitakuja. Ila nina njiwa."

"Njiwa waje pia," mume wangu akajibu, akilitazama dirisha.

"Mwambie, njiwa wakikaa huko, nami nitakaa. Wakirudi, nitajua na mimi natakiwa nirudi."

Watu walicheka, wakaona ni utani wa bibi. Mume wangu hakusikia zaidi ya neno nitakuja. Alipoingia garini alikuwa ameshaanza kuliezeka banda hilo kichwani, na huhitaji kuambiwa kwa kitu gani.

Mama alitangulia kuhamia, njiwa wakabaki Muleba kwa jirani yake, mama mjane kama yeye, hadi banda lao liwe tayari. Alipofika tu alitoa sharti. Njiwa hawakai mahali penye ugomvi, hilo kila mtu analijua, lakini mama alikwenda mbali zaidi. Alisema hata banda likijengwa kwa maneno makali, njiwa watayasikia ndani ya mbao. Kwa hiyo tangu siku ile hakuna kupaza sauti katika uwanja wetu. Kwangu mimi ilikuwa kama Kwaresima imeingia bila kalenda.

Mume wangu akaleta sampuli, akazipanga barazani kama mwalimu wa sayansi, maana ndiyo kazi yake: kipande cha bati, ubao wa msonobari ulionyooka, ubanzi wa mkaratusi wenye magome bado, na wavu wa kuku. Mimi nikaweka pembeni mzigo wa nyasi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ametupa mgongo, anamenya ndizi za mchana.

"Mume wangu mpenzi," nikasema, nikitabasamu hadi mashavu yakauma, "bati saa nane mchana ni kikaango."

"Mke wangu wa ndoa," akajibu kwa sauti ya kwaya, "nyasi ni nyumba ya panya."

"Mvua za hapa Bukoba zikipiga bati, njiwa wataharisha kwa hofu, mpenzi."

"Mvua hizo hizo zitaziozesha nyasi zako, kipenzi, na wewe hutapanda kuziezeka upya."

"Kichwa chako ni kigumu, roho yangu."

"Kimegumuka kwenye ndoa, asali wa moyo."

Jirani mmoja aliyekuwa akipita uchochoroni alimwambia mwenzake kwamba sisi wawili tumezeeka vizuri. Laiti angejua! Nilikuwa nimekunja ngumi ndani ya khanga.

Mwishowe tulishindwa kujizuia, tukahamishia ugomvi dukani. Tulikuwa tukitembea pamoja hadi Miembeni, tukisalimia watu, tukifika nafunga nusu ya mlango na tunaanza. Hapo ndipo niliposema yote niliyokuwa nayo kuhusu bati na ukoo wake, naye akasema yote aliyokuwa nayo kuhusu nyasi na wangu. Wateja waliingilia. Mama mmoja aliyekuja kununua kitambaa cha gauni la kipaimara alisema kwao njiwa walikaa kwenye debe kuukuu na walizaana vizuri tu. Mzee mmoja akauliza kwa nini tunateseka kujenga wakati njiwa ni kitoweo. Tukamgeukia wote wawili kwa pamoja, na hiyo ilikuwa mara pekee wiki ile tuliyokubaliana.

Ikabidi mama aamue. Nilikuwa na uhakika wa ushindi. Ndiye aliyenifundisha kwamba njiwa anapenda giza kidogo, ukavu na harufu anayoijua. Kule Muleba baba hakuruhusiwa hata kuvuta kiko karibu na banda. Nikamwekea sampuli mbele yake, mume wangu akasimama mbali kwa heshima, akiitazama migomba yetu michache.

Mama aligusa bati kwa kidole. "Mwambie mkwe wangu, bati ni zuri."

"Mama!"

"Ni zuri. Linang'aa."

"Na mbao?" mume wangu akaiuliza migomba. "Nilifikiri tuzipake oili chafu, kwa ajili ya mchwa."

"Mwambie azipake. Ndani na nje. Mchwa ni wabaya."

"Mama, oili chafu inanuka hadi barabarani!"

"Na rangi," mama akaendelea, bila kunitazama. "Nimeona jirani ana mlango wa buluu. Buluu inapendeza. Na mlango wa banda uelekee huko barabarani kwenye pikipiki, wapate kuona watu."

Mume wangu alijaa furaha hadi kanzu ingempasuka, na hakuwa hata amevaa kanzu. Hakuna njiwa mwenye akili timamu ambaye angelala usiku mmoja kwenye tanuri la buluu linalonuka gereji. Nikajiambia: hii ni heshima tu. Mkwe angependekeza banda la barafu, mama angesema linang'aa. Hakuna Mhaya asiyejua kwamba ndiyo ya mama mkwe si ndiyo, ni adabu, na mimi niliyekulia katika adabu hiyo nikajiona mjanja kwa kuitambua. Nikaona wajibu wangu ni kumsaidia mama kupata banda analolitaka kweli, bila yeye kulazimika kulisema.

Maana nilimtaka pale. Hilo niliseme wazi. Baba alipokufa sikuwa karibu, na nyonga ya mama ilipoumia aliniambia kwa simu kwamba amejikwaa kidogo. Nilitaka nimsikie akikohoa asubuhi nijue ameamka. Kama kukaa kwake kulitegemea njiwa, basi njiwa wangekaa, hata kama ingenibidi niwaimbie.

Banda lilipobakia kumaliziwa ndani, nilikwenda Muleba mwenyewe na pikapu ya kukodi kuwafuata njiwa. Banda la zamani lilikuwa limeinama, nguzo zake zimeliwa na mchwa, lakini ndani mbao za mvule alizozipigilia baba zilikuwa nzima, nyeusi kwa miaka ya mabawa. Nikazing'oa zote. Nikabeba nyasi za kuezekea kutoka kilimani. Kisha nikachukua koleo na gunia, nikaanza kukusanya kinyesi kikavu kilichorundikana chini.

Yule jirani mjane alinitazama kwa muda mrefu. "Waitu jamani, mjini mmeishiwa na mavi?"

"Ni dawa," nikamwambia.

"Dawa ya nini?"

"Ya mama."

Akafanya ishara ya msalaba na kurudi kwake.

Banda tulilojenga hatimaye lilikuwa ndoa yetu yenyewe, maana dukani nilimweleza mume wangu kwamba ndiyo ya mama ni adabu tu, tukapatana nusu kwa nusu. Juu kulikuwa na bati, mume wangu apate lake la kuonwa kutoka barabarani. Chini ya bati, pale ambapo macho ya mtu hayafiki, nilishindilia nyasi nene, jua lisiunguze na mvua isipige ngoma. Kuta zilikuwa za msonobari mtupu, na oili chafu ikaishia kwenye miguu ya nguzo za mkaratusi, sehemu inayozikwa ardhini. Kila nguzo tuliivisha kola ya bati, paka akipanda ateleze. Mlango tuliuelekeza kwenye migomba. Na ndani, kwenye vyumba vya kutagia, nikapanga mbao za baba, nikanyunyiza ile dawa yangu ya gunia. Mume wangu alizipigilia mbao hizo kwa misumari mirefu hivi kwamba hata tetemeko la ardhi lingeziacha.

Mama alipita mara moja karibu na banda likiwa tayari. Alisimama, akavuta pumzi kwa pua, akaondoka bila neno. Nikafurahi moyoni kwamba ameguswa.

Njiwa tuliwafungia wiki kadhaa ili wazoee. Siku ya kuwafungulia tuliichagua baada ya misa, watu wakiwa wametulia. Mama alitoka na fimbo yake, amevaa kitenge chake kizuri cha safari, na mkoba mkononi. Nikaona ni kwa sababu ni Jumapili.

Njiwa walitoka mmoja mmoja, wakasimama ukingoni, kisha wakaruka wote kwa pamoja. Wakapanda juu sana, wakazunguka, wakaelekea upande wa Muleba. Nilisali salamu zote za Bikira Maria ninazozijua na moja ya Kilutheri niliyoifundishwa na mume wangu. Wakazidi kuwa wadogo. Halafu wakageuka. Wakarudi wakizunguka, chini, chini zaidi, wakatua juu ya bati, wakatembeatembea kwa kucha zao, wakaingia ndani.

Mume wangu alipiga makofi. "Umeona? Bati!"

Mama alikaa chini polepole, akaushika mkoba kwa mikono miwili. Nikadhani ni nyonga.

Miezi iliyofuata njiwa walinenepa na mama akapungua. Alikula kidogo, akisema ndizi za sokoni zimekatwa zikiwa changa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Kila mvua iliponyesha alitaka nimpigie simu jirani yake nimuulize kama na huko inanyesha. Siku nilipomwambia kwamba njiwa mweupe ameatamia mayai, alisema "Mawe!", kilio chetu Wahaya cha mshtuko, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Halafu ikafika siku ya ugomvi. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kukatika. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta mama amesimama chini kabisa ya banda, anagonga nguzo kwa fimbo, na kabla sijamsalimia akaanza kunifokea. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbuzi! Alisema sijui kupika. Alisema nakata ndizi kama mtu anayechonga mpini. Alisema sufuria zangu zina masizi, kwamba watu wa Muleba wananicheka, na kwamba duka langu lina vitambaa vya kufunikia maiti. Majirani wakachomoza vichwa juu ya uzio.

Sitadanganya: niliona raha. Nilikuwa nimeibana sauti yangu kwa miezi mingi, nami nikaiachia. Nilimjibu kuhusu sufuria, nikamjibu kuhusu ndizi, nikataja na jambo la kuku aliyewahi kumpa dada yangu badala yangu. Tulikuwa tumefika mbali nilipogundua kwamba mama haniangalii. Alikuwa akifoka sentensi moja, ananyamaza, anatazama juu kwenye banda, halafu anafoka nyingine.

Juu ya bati njiwa mmoja alikuwa akijisafisha bawa. Wengine hata hawakutoka ndani.

"Mama," nikasema, "unawafukuza?"

Akateremsha fimbo.

"Bojo, mwanangu, nifanyeje? Nimetoa neno mbele ya mkwe wangu."

Nikamketisha kwenye kigoda. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wangu ni mtu mwema, tena mwema kupita kiasi, na hiyo ndiyo shida. Mtu mbaya ungemkataa. Nyumbani kwa mkwe hata kikohozi anakimeza. Akitaka kwenda chooni husubiri kwanza mwenye nyumba aondoke barazani, na mwenye nyumba anapenda baraza. Alitaka kibanja chake, mibuni yake, kaburi la baba na kelele za jirani yake.

"Nilisema njiwa kwa sababu nilijua watarudi," akasema. "Njiwa hurudi. Nikakubali bati, nikakubali oili, nikaomba na buluu. Ungeniacha tu! Nilipopita pale nikasikia harufu ya banda la baba yako, nikajua nimekwisha." Akanitazama kwa uchungu wa kweli. "Mwanangu, umenipenda hadi ukabeba na mavi."

Sikujua nicheke au nipige magoti. Nilimshika mikono tu, na moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeijenga furaha yangu vizuri sana, kwa misumari mirefu.

Nyuma yetu mtu alikohoa. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka shule na kusimama kwenye kona ya nyumba, sijui tangu lini. Hakusogea karibu. Aliigeukia migomba kama kawaida yake.

"Mwambie mama," akasema, "nimewatazama hawa njiwa kwa makini, naona hawana raha. Hewa ya hapa mjini haiwafai. Najua ni usumbufu mkubwa kwake, lakini namwomba anisaidie kuwarudisha Muleba, na akae nao huko, maana mimi sina ujuzi."

Njiwa wawili wanene walitokeza ukingoni, wakamtazama.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akageukia upande wa pili. "Mwambie mkwe wangu," akasema, "kama ni kwa ajili ya njiwa, nitamsaidia."

Nilisimama katikati yao, mkalimani wa watu waliokwisha kusikiana, na sidhani kama niliwahi kumpenda mtu huyu wa bati kuliko dakika ile.

Alitangulia yeye Muleba. Akamwaga kokoto kwenye njia yote ya kibanjani, na kwa mbao zilizobaki akaweka mshikio kutoka jikoni hadi chooni, mama asiteleze tena. Yule jirani mjane alikubali kulala kwa mama, kwa sharti kwamba hataambiwa habari za dawa. Tulisubiri makinda yaruke, halafu nikamrudisha mama na njiwa wake wote kwenye tenga. Banda la huko tulilitengeneza upya kwa mabanzi na nyasi, akichagua mama mwenyewe, na safari hii hakutaja buluu. Mbao za baba zilibaki Bakoba, kwa kuwa misumari ilikataa kutoka.

Tuliwafungia njiwa tena kwa wiki chache, na siku ya kuwafungulia nilikuwepo. Walipanda juu, wakazunguka. Mama alikinga macho kwa kiganja. Walizunguka mara nyingine juu ya migomba, kisha wakanyoosha kuelekea Bukoba, na safari hii hawakugeuka.

Jioni mume wangu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda uchaguzi. Njiwa walikuwa wametua kwake, wote, juu ya bati.

Niliingia jikoni. Mama alikuwa ameinama anapuliza moto, hana fimbo, ameegemea ukuta wake anaoujua, na sufuria ya ndizi za kibanjani imekaa mafigani.

"Mama, njiwa wako wamechagua Bukoba," nikasema, nikijaribu kufanya utani. "Na neno lako ni lile lile. Wakikaa, nawe unakaa."

Alicheka. Nilikuwa nimeusahau mcheko ule, wa tumbo, unaomtoa mtu machozi. "Yale niliyasema mbele ya mkwe," akasema. Akanisogezea kigoda. "Keti hapa. Sema unavyotaka, na useme kwa sauti. Njiwa wamekwenda."

Nilikuwa na la kusema. Nilitaka kumwambia kwamba kila asubuhi natega sikio nisikie kikohozi chake na sikisikii, na kwamba nyumba yangu ni kubwa mno sasa. Nikafungua mdomo, na sauti yangu, ile inayovuka barabara Miembeni, haikutoka. Nikalia. Mama hakunikataza. Aliweka mkono mmoja begani pangu, na kwa mkono wa pili akaendelea kuchochea moto.